Jeneza Lenye Namba za Usajili

Kuna jamhuri moja ambayo hutaiona kwenye ramani, kwa kuwa ramani yake ilipelekwa kwa mkandarasi na mkandarasi bado anaitumia. Wananchi wake ni wapole, viongozi wake wana afya, na barabara zake zimenyooka. Kunyooka huko kuna sababu ya kitaalamu. Idara ya Mipango hupanga barabara kwa rula, na rula haina tabia ya kukata kona kwa ajili ya kijiji.

Barabara Kuu ya Shukrani ilipangwa hivyo. Inaanzia Ikulu na kuishia kwenye lango la shamba la korosho la Mheshimiwa Rais, njia sita za lami. Katikati ya safari yake rula ilipita juu ya kijiji cha Vumbashi. Nyumba, visima na msikiti vikabaki magharibi. Shule ya msingi na makaburi vikaangukia mashariki. Wanakijiji walipouliza watavukaje, walijibiwa kwa adabu kwamba swali lao ni zuri na litafanyiwa utafiti barabara itakapokamilika. Hiyo ndiyo kanuni ya nchi ile: utafiti hufuata ujenzi. Ukitangulia, matokeo yake yanaweza kupingana na barabara, na barabara ni ghali kuliko matokeo.

Utafiti wenyewe ni kazi ya Taasisi ya Taifa ya Barabara Kuu, inayoongozwa na Profesa Mhandisi Dokta Anselmi Ngulukizi. Vyeo vyake hutajwa vyote vitatu kwa mpangilio huo, isipokuwa nyumbani kwake, ambako watoto wameruhusiwa kuanzia kwenye Dokta. Taasisi ina idara mbili ambazo hazigombani kamwe, maana mipaka yake iko wazi. Mtu akigongwa akafia kwenye lami, anahesabiwa na Idara ya Usalama. Akirushwa akafia nyasini, anahesabiwa na Idara ya Mazingira, kama athari kwa nyasi. Katika mwaka wake wa kwanza Barabara ya Shukrani haikuua mtu hata mmoja. Kwa mwendo wa magari ya pale, hakuna aliyewahi kubaki kwenye lami.

*

Mkuu wa shule ya Vumbashi alikuwa Mwalimu Zamzamu Chande, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kufika mbali. Kila asubuhi wanafunzi wake walisimama ukingoni mwa barabara wakisubiri malori yapite, na malori hayakuwa na mwisho. Wengine waliishiwa na subira. Muhula ule wa kwanza, wawili kati yao walipelekwa Idara ya Mazingira.

Mwalimu Zamzamu aliomba matuta. Akajibiwa kwamba gari likipunguza mwendo hutoa moshi zaidi, kwa hiyo matuta ni adui wa hewa safi. Akaomba daraja la waenda kwa miguu. Akajibiwa kwamba daraja litajengwa mara tu utafiti utakapothibitisha kuwa waenda kwa miguu wapo. Tatizo ni kwamba Mwongozo wa Taasisi hauna mwenda kwa miguu. Mtu wa namna hiyo unamwita "dereva aliyetengana na gari lake kwa muda," na huhesabiwa mahali alipoliacha gari.

Ndipo akafariki Bi Mwanahawa, ajuza wa kijiji, kwa uzee mtupu, jambo ambalo watu wa Vumbashi walikuwa wameanza kulisahau. Wanaume wakamtia kwenye jeneza la msikiti, lile la kijiji kizima, ambalo hupeleka maiti kaburini na kurudi lenyewe kumsubiri mwingine. Wakalibeba mabegani hadi barabarani, na Mwalimu Zamzamu akasimama na wanawake wenzake kuwatazama.

Malori yalisimama. Basi la abiria lilisimama, dereva akavua kofia. Gari la bendera lilisimama, na kioo cha nyuma kikashuka nusu kwa heshima. Nchi ile haina dereva anayepita mbele ya jeneza. Huyo huyo anayepita taa nyekundu, anayemdanganya trafiki na kulala kwenye usukani, akiona jeneza hukanyaga breki kabla hajafikiri. Mama yake alimfundisha hivyo, na mamlaka ya mama haijawahi kuhamishiwa wizara yoyote.

Siku ileile baada ya sala ya alasiri Mwalimu Zamzamu alimfuata imamu, Maalim Khatibu, barazani kwa msikiti. Maalim alikuwa amekaa na Fundi Shaame, seremala aliyelichonga jeneza lenyewe.

"Maalim, nataka kuazima jeneza."

"Inna lillahi. Nani tena?"

"Hakuna aliyefariki. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Akaeleza alichokiona. Maalim Khatibu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akashika ndevu.

"Jeneza tupu, asubuhi na jioni? Mwalimu, unanitafutia maneno na Mola wangu."

"Utamwambia niliazima mimi."

"Ataniuliza kwa nini nilikupa."

"Mwambie lilikuwa linakwenda shule."

Fundi Shaame alikuwa anacheka peke yake. "Mpe, Maalim. Nililipiga kwa mbao za mwembe. Likikaa bila kazi litaliwa na mchwa, halafu mtakuja kunilaumu mimi."

"Na wa kulibeba?"

"Mimi wa kwanza. Na wewe, Maalim, hujambo mgongo."

*

Kuanzia hapo msafara ulitoka msikitini kila asubuhi ya siku ya shule. Wanaume wanne walitangulia na jeneza lililofunikwa shuka la kijani, na nyuma yao watoto wa shule wote, wawili wawili, mabegi mgongoni. Jioni walirudi vilevile. Malori yakasimama, madereva wakavua kofia, na watoto wakavuka.

Tatizo lilikuwa sura. Mtoto anayekwenda kucheza mpira wa matambara hana sura ya msiba, kwa hiyo Mwalimu Zamzamu akaongeza somo hilo kwenye gwaride la asubuhi. Aliyemsumbua zaidi ni Salha wa darasa la pili, binti yake Fundi Shaame, ambaye kila akimwona baba yake ameinamisha kichwa kwa huzuni ya bandia alicheka hadi akashika tumbo.

"Salha, marehemu atakusikia."

"Hamna marehemu, Mwalimu. Nilichungulia."

"Ndiyo, hamna, na hatutaki apatikane. Nuna."

Salha alinuna hadi katikati ya barabara. Muhula ule ulikwisha bila mtoto yeyote kuguswa na gari.

*

Mwaka huohuo Mheshimiwa Gervasi Nyakunga, Waziri wa Mwendo na Mafanikio, aliingiza Barabara ya Shukrani kwenye mashindano ya Tuzo ya Barabara Tulivu Barani. Majaji walitaka utafiti. Profesa Ngulukizi akamtuma Vumbashi Dokta Eusebia Lukwaro, mtafiti kijana mwenye shahada kutoka nchi baridi, aliyepewa hema, kiti cha kukunja na Mwongozo.

Dokta Eusebia alikaa mkabala na kijiji na kuandika alichokiona. Misafara ya mazishi, miwili kwa siku. Jumamosi na Jumapili, hakuna. Hakuwa mjinga. Alipoona jeneza lilelile likirudi jioni na shuka lilelile, alimfuata Mwalimu Zamzamu shuleni.

"Poleni na misiba, Mwalimu."

"Tumekwisha kupoa, ahsante."

"Mbona maiti wenu wanakwenda asubuhi, jioni wanarudi?"

"Hawapendi kulala huko."

Dokta Eusebia alicheka. Kisha akaacha, kwa kuwa alikuwa kazini. Mwalimu Zamzamu alimweleza kila kitu bila kificho, kuhusu wale wawili wa muhula wa kwanza, matuta, daraja na Bi Mwanahawa.

"Sasa andika hivyo, dada. Andika kwamba ni watoto wanavuka."

"Watoto hawana safu yao. Kuna magari, mifugo na mazishi."

"Waandike kwenye mifugo, basi. Ng'ombe huwa mnawawekea kivuko."

"Siwezi kuandika watoto kwenye mifugo."

"Lakini kwenye mazishi unaweza."

Dokta Eusebia alifunga Mwongozo, akaufungua tena. "Mazishi ndiyo ninayoyaona."

"Wewe umesoma, Dokta."

"Ndiyo maana nina kazi, dada yangu."

*

Matokeo yalisomwa makao makuu mbele ya Waziri. Ukumbi ulikuwa na ubaridi wa mashine na maji ya chupa. Profesa Ngulukizi alisimama na kifimbo chake cha kuelekezea.

"Mheshimiwa, takwimu hazina huruma, nami nitafuata mfano wao. Kijiji cha Vumbashi kinazika mara mbili kwa siku. Hata hivyo, sensa inaonyesha kwamba watu wake hawapungui, wanaongezeka. Sayansi inatupa jibu moja tu. Barabara ya Shukrani imeleta rutuba. Watu wa Vumbashi wanazaliana kwa mwendo wa barabara kuu."

Wakapiga makofi. Mkuu wa Idara ya Mazingira aliongeza kwamba hata nyasi za Vumbashi ni ndefu kuliko za vijiji vingine, ingawa hakutaka kuingia kwenye sababu. Mchumi mmoja aliuliza kwa nini watu wale hawafi mwisho wa juma. Profesa alimjibu kwamba hiyo ni dalili ya nidhamu ya kazi.

Waziri Nyakunga hakupiga makofi. "Majaji wakifika wakute jeneza barabarani, watasemaje? Profesa, mazishi haya yapunguzwe."

"Kwa asilimia ngapi, Mheshimiwa?"

"Asilimia ya kupendeza."

Kutoka kiti cha nyuma Dokta Eusebia alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, tukiweka matuta mawili pale, misafara itakwisha siku hiyohiyo."

Waziri alimtazama kwa upole anaotazamwa nao mgonjwa. "Binti, tuta linamsaidia nini maiti?"

"Kitaalamu, halimsaidii," Profesa Ngulukizi aliwahi kujibu, na Dokta Eusebia akashusha mkono.

Kabla chai haijaletwa, Kanuni za Majeneza Barabarani zilikuwa zimepitishwa. Zilikuwa fupi. Jeneza ni chombo cha usafiri, kwa kuwa hubeba mzigo na huenda mbele. Injini yake ni watu wanne, au sita kwa marehemu mnene. Kwa hiyo litasajiliwa, litafungwa namba, taa na viakisi, na litakaguliwa.

*

Waliotunga kanuni zile hawakuwa wamefikiria kwamba kuna mtu angezitii. Mwalimu Zamzamu alisafiri hadi mkoani, akapanga foleni na wenye malori, akarudi na kibati cha namba: JNZ 001. Fundi Shaame akakipigilia misumari kwa nyuma, akafunga taa mbili za baiskeli, nyekundu nyuma na nyeupe mbele, na kengele. Maalim Khatibu aliitazama kengele kwa muda mrefu.

"Hiyo ni ya nini, Fundi?"

"Honi. Imeandikwa."

"Marehemu apige honi?"

"Asipopiga, anakamatwa."

Mkaguzi aliyeletwa alikuwa Koplo Dismas wa usalama barabarani, mtu mpole, anayefanya kazi kama ilivyoandikwa. Alizunguka jeneza mara mbili, akapiga mbao kwa kifundo cha kidole.

"Dereva ni nani?"

 Fundi Shaame akajibu, "Anayelala ndani, afande. Sisi ni matairi."

"Leseni yake?"

"Leo hakuja."

Koplo aliamuru waende, wakaenda. Aliamuru wasimame, wakasimama palepale, akakiri kwamba breki ni nzuri kuliko za mabasi mengi. Aliamuru warudi nyuma. Maalim Khatibu alikataa, akisema tangu dunia kuumbwa jeneza halijarudi nyuma. Mwalimu Zamzamu alimtazama, naye akarudi nyuma. Watoto waliojipanga ukingoni walicheka, na hakuna aliyewaambia wanune.

"Mwendo wenu?" Koplo aliuliza mwishoni.

"Tunakwenda kwa huzuni," Maalim alisema.

"Huzuni ni kilomita ngapi kwa saa?"

"Tatu," Fundi Shaame alisema. "Marehemu akiwa na mwili, mbili na nusu."

Koplo Dismas alipumua. Akafungua Kanuni kwenye ukurasa wa mwisho na kuwasomea kwamba chombo chochote kwenye Barabara ya Shukrani hakiruhusiwi kwenda chini ya kilomita themanini kwa saa. Kisha akalipandisha jeneza kwenye gari la polisi kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Koplo," Mwalimu Zamzamu alimwita, "kesho watoto wavukeje?"

"Kisheria hawavuki, Mwalimu. Mwongozo hauwajui."

"Na wewe huwajui?"

Koplo alifunga mlango wa gari. "Wangu wanasoma mjini. Shule yao haina barabara mbele."

*

Mwalimu Zamzamu hakuvusha mtoto. Alihamisha ubao, akawafundishia barazani kwa msikiti, na mahudhurio yakawa mazuri kuliko wakati wowote. Hali hiyo ingeendelea, lakini majaji wa Tuzo walipangiwa siku, na ratiba yao ilikuwa na kipengele cha furaha ya wananchi. Kipengele kilisema kwamba watoto wa Vumbashi watasimama mbele ya shule yao wakipunga bendera.

Afisa elimu wa wilaya alikuja na bendera kwenye katoni.

"Ubao urudi shuleni, Mwalimu. Na watoto."

"Nipe askari mmoja wa kusimamisha magari."

"Askari wote wako barabarani siku hiyo."

"Wanafanya nini?"

"Wanahakikisha magari hayasimami. Majaji wanapima mwendo."

"Basi wapungie bendera upande huu."

"Shule iko upande ule. Huwezi kuisogeza shule, Mwalimu. Na mzazi atakayemficha mtoto nyumbani atalala mahabusu. Mimi sitaki hayo, ila ndivyo yalivyokuja."

Asubuhi ya siku hiyo wanaume wanne walijaribu kuinua mikono mabegani kana kwamba wamebeba kitu. Hakuna gari lililosimama. Mama zao madereva hawakuwafundisha kusimama kwa ajili ya mikono mitupu. Mwalimu Zamzamu akaingia barabarani mwenyewe, akasimama kwenye mstari mweupe akiwa amenyoosha kanga kwa mikono miwili, na kuwaita watoto kila pengo lilipotokea, watatu watatu, kwa ile sauti yake ya kufika mbali. Wengi walivuka. Karibu wote.

Gari lililomgonga Salha binti Shaame lilikuwa la mbele kabisa katika msafara wa majaji, lile ambalo kazi yake ni kutangulia kuhakikisha njia ni salama. Lilikuwa ndani ya mwendo ulioruhusiwa. Halikuacha alama kwenye lami. Idara ya Mazingira ilipewa taarifa.

*

Adhuhuri Fundi Shaame alifika kituo cha polisi. Jeneza lilikuwa uani, chini ya paa la mabati, namba yake imefutwa vumbi. Koplo Dismas alisimama alipomwona.

"Afande, naomba jeneza langu."

"Pole sana, Fundi. Nimesikia."

"Nitalirudisha jioni."

"Ni kielelezo. Kesi haijasomwa."

"Nimelichonga mwenyewe, Dismas."

"Najua. Najua, kaka. Kielelezo hakiazimwi."

Mtoto wa darasa la pili anabebeka mikononi. Fundi Shaame alimbeba hivyo kutoka msikitini, katika sanda, na kijiji kizima nyuma yake. Walipofika ukingoni, magari hayakusimama. Ukiwa kwenye usukani, mtu aliyebeba kitu cheupe mikononi ni mtu aliyebeba kitu cheupe tu. Malori yalipita, mabasi yakapita, sanda ikapeperushwa na upepo wao, na Mwalimu Zamzamu akaishika pembe moja isifunuke. Walisimama pale kama watoto walivyokuwa wakisimama zamani. Kisha polisi wakazuia magari yote pande zote mbili, kwa sababu majaji walikuwa wanarudi mjini, na katika utupu ule, kabla king'ora hakijakaribia, watu wa Vumbashi walivuka wakaenda kuzika.

Dokta Eusebia alikuwa amerudishwa hemani mwake kuendelea kuhesabu. Walipotoka makaburini alimfuata Mwalimu Zamzamu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwalimu, nisamehe. Nalazimika kuuliza. Msafara wa leo."

"Andika mmoja."

"Ulikuwa na—"

"Ndiyo, Dokta. Huo ulikuwa na maiti."

*

Barabara Kuu ya Shukrani ilipata Tuzo. Majaji walisifu lami, ukimya wa vijiji, na bendera. Walisema hawajapata kuona nchi iliyotekeleza utafiti wake kwa haraka namna ile. Kwa mujibu wa Taasisi, misafara ya mazishi Vumbashi ilishuka kutoka miwili kwa siku hadi mmoja tangu Kanuni zianze kutumika, na asilimia ya upungufu huo ilikuwa ya kupendeza hivi kwamba iliandikwa kwa wino wa dhahabu kwenye cheti. Dokta Eusebia Lukwaro alipandishwa cheo na kupewa Idara ya Mazingira.

Kwenye hafla, Waziri Nyakunga alimshika mkono Profesa Mhandisi Dokta Anselmi Ngulukizi mbele ya wapiga picha.

"Profesa, hebu waeleze wananchi. Mmewezaje?"

"Kisayansi, Mheshimiwa. Tulitafuta chanzo cha misiba ile, tukakiondoa barabarani."

"Na chanzo kilikuwa nini?"

"Jeneza."